Pindo la Solrun

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Ragnfrid Tveito amepiga magoti, pini mdomoni, anaizunguka sketi nyeusi ya sufu. Ndani ya sketi amesimama Solrun, miaka kumi na mitano. Kesho anapata kipaimara, na sketi imeishia vidole vinne juu ya kifundo cha mguu.

Hapa mjini Voss kipaimara huvaliwa bunadi, vazi la asili la kwenu. Pindo fupi kinamama wataliona kabla mchungaji hajafungua kitabu.

Ragnfrid ana miaka hamsini na minane, thelathini na mmoja akiwa fundi. Kwa mwaka hutoa bunadi sita. Kila moja ni kroni elfu hamsini, na zaidi ya nusu huishia kwenye sufu na vifungo vya fedha. Kila pindo hulikunjia ndani kitambaa cha kiganja kizima, maana mtoto hukua na vazi ni la maisha.

Sasa anakunjua pindo. Hamna kitu.

Mama mtu, Torbjørg, anakiri huku akiangalia dirishani. Kitambaa cha akiba alikikata wakati wa Krismasi. Solrun alilalamika sketi nzito kuchezea ngoma.

"Torbjørg," anasema fundi, akitoa pini mdomoni moja moja, "ungekata mapazia yangu ningekusamehe mapema."

Solrun anafuta machozi. Anasema basi, kanisani haendi.

Hapo bibi yake, Gudrid, miaka themanini na mmoja, anaweka kikombe cha kahawa chini. Kaja na bunadi yake mwilini, ili ikazwe vifungo. Anainuka, pindo linaburuza sakafuni.

"Yeye karefuka, mimi nimefupika. Kata huku, weka kule."

"Mama Gudrid, hilo ni vazi la kipaimara chako," anasema Ragnfrid.

"Najua. Na kila Krismasi nalikanyaga. Mnataka nivunjike nyonga?"

Ragnfrid anakata. Sufu ni ileile, nyeusi ya bondeni. Mshono anauficha chini ya utepe wa mahameri. Jioni anamaliza.

Jumapili mchungaji anamwekea Solrun mkono kichwani. Wengine wanatazama kichwa. Ragnfrid anatazama pindo, limetulia juu ya viatu. Anasema ndipo alipopumua.

Miaka mitano amekuwa akitafuta wa kumrithisha kazi. Jumanne mwanafunzi wake wa kwanza anaanza: Torbjørg, aliyeomba mwenyewe pale mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu.

"Aliyewahi kukosea pindo hatakosea tena," anasema Ragnfrid. "Ila mkasi atashika mwakani."