Selotepu ya Ghalani na Mkono wa Nasra

Siku ya kwanza kazini Bosi alinipa kisu cha maboksi na roli la selotepu. Bosi ni mama wa Kariakoo mwenye kampuni ya kargo hapa Guangzhou, China, karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu.

"Unafungua, unakagua, unafunga," akasema. "Ukikuta mkoba mbovu, laoban wa kiwanda atakuruka. Usibishane naye, rudisha mzigo."

Laoban ndiye tajiri mwenye kiwanda. Kazi yenyewe tunaiita ripaki: maboksi kutoka Shiling, mji wa viwanda vya mikoba, yanafunguliwa, mikoba inakandamizwa na kupangwa upya ili mzigo uchukue nafasi ndogo kwenye kontena, kisha kila boksi linazungushiwa selotepu mara tatu. Nilipelekwa kukagua huko huko Shiling miezi sita, nikarudishwa ghalani kuwa mkaguzi mkuu. Kazi niliiweza, sitajifanya mnyenyekevu.

Nasra, mwanangu, alizaliwa kabla ya wakati. Alilazwa wiki tano kwenye wodi ambayo mzazi haingii. Nilimwona kupitia kioo. Dripu ilihamishwa mkono huu na huu, plasta ikibanduliwa kila mara kabla ya sindano mpya. Daktari alisema kichanga hakumbuki kitu. Nikaamini.

Alipofika miaka miwili nilianza kwenda naye kazini, nimemfunga mgongoni. Selotepu ikivutwa, namsikia anakakamaa, pumzi inakatika.

"Mama Nasra, mwanao anadeka," Bosi akasema. "Mzoeshe."

Nikamzoesha miezi mitatu.

Siku moja nilimshusha nipumzishe mgongo, akakaa na biskuti yake. Bosi akasimama nyuma yake, akavuta selotepu ndefu, anionyeshe kuwa mtoto anaigiza. Nasra hakulia. Aliweka biskuti chini, akalala chali sakafuni, akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, akatulia.

"Anafanya nini huyo?" Bosi akauliza.

"Anasubiri sindano."

"Sindano gani? Si alikuwa kichanga?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Bosi akaliweka roli mezani taratibu. "Mchukue mwanao, uende nyumbani."

Ndivyo nilivyostaafu, nina miaka ishirini na saba. Nyie mnaoanza kazi hii na watoto mgongoni mtataka kujua namlaumu nani. Daktari nina hasira naye mpaka leo. Lakini yeye alisema neno moja akaenda zake. Aliyevuta selotepu miezi mitatu, huku akimwambia Nasra aache kudeka, ni mimi.