Mdogo Wangu Alinitambulisha Kama Dada wa Kazi, Nikaichukua Kazi

Niliwahi kuajiriwa kazi za ndani nikiwa nimesimama sebuleni kwa baba yangu mzazi.

Sikuiomba hiyo kazi. Mdogo wangu wa damu ndiye aliyenitafutia, kwa maneno machache tu, na alipogundua alichokifanya mimi nilikuwa nimeshakubali.

Humu jukwaani nasoma siku nyingi bila kuandika. Wageni mnawaambia wajitambulishe: kwenu wapi, wazazi wako nani, unapenda nini, una maoni gani. Mimi na mambo ya kutambulishwa tuna kisa chetu, kwa hiyo nitajitambulisha kwa kukisimulia. Mnivumilie mwandiko, shule niliishia ya msingi.

Kwetu ni mji mdogo wa matanuri ya matofali. Vumbi lake jekundu linaingia mpaka kwenye chumvi. Mama alibeba matofali, baba ni fundi saa. Mama alipofariki tukahamia mjini, nami nikaacha shule ili mdogo wangu aendelee. Tulimwita Pipi, maana tangu utotoni hakuna aliyeweza kupita karibu yake bila kumpa kitu kitamu.

Nilimfulia, nilimsuka, nilimshika mkono kwenda na kurudi shule. Akafika chuo. Sikuwa na kinyongo naye. Naapa sikuwa nacho.

Huko chuoni akapata mchumba. Mama wa huyo kijana ana duka la mapazia, kwa hiyo hapa nitamwita Mama Mapazia. Ikapangwa siku aje nyumbani na mwanawe watufahamu.

Siku hiyo nilisugua nyumba tangu asubuhi. Nikafika ukutani nikakuta msumari mtupu. Picha yangu na Pipi haipo.

"Fremu ilikuwa mbovu," Pipi akasema, bila kunitazama.

Nikaendelea kusugua.

Wageni wakafika. Nikaingia na sinia la chai, nimejifunga kitenge kiunoni, mikono bado inanuka sabuni. Mama Mapazia akaniangalia kwa wema tu, akauliza, "Na binti huyu?"

Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Si nilijua kinachofuata.

Pipi akawahi. "Huyu ni dada wa kazi, mama."

Mnajua neno dada lilivyo. Ukisema dada yangu, umetaja damu. Ukisema dada wa kazi, umetaja mtu wa kufagia. Neno ni lile lile, kinachokuja nyuma yake ndicho kinachokupa kiti au ufagio.

Nikamwangalia baba. Baba akaangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna saa humo imesimama.

"Karibuni chai," nikasema.

Mama Mapazia akanywa, akazungusha macho ukutani, sakafuni, madirishani. "Nyumba inang'aa kama sahani hii. Dada wangu wa kazi kaondoka, nahangaika peke yangu. Binti, nikikuiba utakuja?"

Wote wakacheka. Pipi alicheka kuliko wote.

"Nitakuja, mama," nikasema. "Lini?"

Kicheko cha Pipi kikakatika kama redio iliyokatiwa umeme.

Alinifuata jikoni. "Dada, lilinitoka tu. Wale kwao wote wamesoma. Ningeanzia wapi?"

"Nimekuelewa."

"Basi usiende. Yule alikuwa anatania."

"Hatanii, kanipa namba ya simu. Lakini sawa, siendi. Turudi sebuleni sasa hivi, useme mimi ni nani wako. Nitakubeba, nitasema ulikuwa unawachekesha."

Akasimama pale anakwangua rangi ya kucha. Tukawasikia wageni wanacheka kule mbele.

"Siku nyingine," akasema.

"Haya. Utanikuta kazini."

Baba naye aliniambia nivumilie, ndoa ikishafungwa tutalisema polepole. Nilifunga begi.

Siku ya kwanza Mama Mapazia aliniketisha mezani. "Mimi siishi na mtu nisiyemjua. Jitambulishe."

Nilikuwa nimeamua kwamba huyu mama sitamdanganya hata kidogo.

"Kwetu ni kwenye matanuri ya matofali. Mama yangu alikuwa mbeba matofali, ni marehemu. Baba ni fundi saa, yupo hapa hapa mjini."

Sasa Pipi alishawaambia kwamba sisi ni wa mjini tangu babu, kwamba mama alikuwa mtu wa benki, na baba anaingiza saa kutoka nje. Kwa hiyo ukweli wangu na uongo wake vikapita mlango mmoja bila kusalimiana.

"Mmezaliwa wangapi?"

"Wawili. Nina mdogo wangu, msomi, anaolewa karibuni."

"Hongera. Anakujali?"

"Anajua nilipo."

Akaniangalia kidogo. "Unapenda nini?"

"Kusikiliza mpira redioni. Kwenye runinga unaonyeshwa. Redioni unaona mwenyewe."

"Na mtu gani humpendi?"

"Anayeosha kikombe kwa nje tu."

Akacheka, akanipa mkono. "Tutaelewana."

Ndoa ikafungwa. Ndugu zetu waliambiwa naumwa, na kwa upande wa bwana harusi mimi ndiye niliyebaki kulinda nyumba, maana mtu wa kazi ndiye anayebaki. Niliwasikia wakirudi na vigelegele. Nikawafungulia geti.

Kile cha kusemwa polepole hakikusemwa.

Maharusi walipewa vyumba vya juu mpaka nyumba yao iishe kujengwa. Asubuhi yao ya kwanza nikagonga mlango. "Bosi, chai."

Pipi akafungua, macho yamemvimba. "Dada, usiniite bosi," akanong'ona.

"Nikuiteje?"

Akachungulia ngazini.

"Sema tu. Utakavyosema ndivyo nitakavyokuita, tena kwa sauti, wasikie wote."

Akapokea sinia, akafunga mlango.

Hiyo "nikuiteje" ikawa kazi yangu ya pili. Nilimuuliza kwenye ngazi, nilimuuliza uani, nilimuuliza mlangoni pa bafu, kwa upole kabisa. Nguo zake nilizipiga pasi vizuri kuliko za mtu yeyote mle ndani. Chakula nilimpakulia yeye kwanza. Alitafuta kosa la kunishtakia nifukuzwe, nikahakikisha halipati. Akaanza kukonda. Mkwewe akadhani ni mimba.

Mezani Mama Mapazia alipenda niwasimulie habari za kwetu. "Hebu tuletee za yule mdogo wako."

Nikawaletea. Jinsi alivyokuwa akila chaki mpaka mwalimu akawa anazificha. Jinsi alivyokojoa kitandani mpaka ukubwani, halafu anahamia upande wangu na kunisukuma mimi kwenye maji, asubuhi nachapwa mimi.

Mume wake alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Dada, huyo mdogo wako anajua unavyomwanika?"

"Anajua, kaka."

"Na hasemi kitu?"

"Aseme nini? Akifungua mdomo atajulikana ni yeye."

Pipi naye ilibidi acheke. Alicheka kwa meno ya mbele tu.

Kufikia hapo mtauliza nilikuwa nataka nini. Nilitaka neno moja. Nilitaka mdomo ule ule uliosema dada wa kazi useme dada yangu, mbele ya watu wale wale. Ningeweza kulisema mwenyewe siku yoyote. Lakini likitoka kwangu lingekuwa umbea wa mfanyakazi.

Mvua zikaja, zikaisha. Mama Mapazia akaanza kunichukua kwenda dukani. Akanifundisha kupima dirisha, kukata, kushona mikunjo ya juu ya pazia ikae sawa. Mkono wangu ukaikubali ile kazi. Siku moja akatangaza mezani, "Huyu si wa kufagia tena. Nataka awe fundi wangu. Ila mtoto wa watu humfanyi wako bila kuwaona wazazi. Jumapili tunakwenda kwao, wote."

Uma wa Pipi ukagonga sahani.

Alinikuta uani naanua nguo. "Dada, mwambie baba kasafiri. Nakuomba."

"Kasafiri kwenda wapi?"

"Popote."

"Mimi kudanganya siwezi. Sikusoma."

Jumapili kichwa kikamuuma. "Twende, hewa itakutibu," mkwewe akasema, akamfungulia mlango wa gari.

Kijana ndiye aliyeendesha, mama yake mbele, mimi na Pipi nyuma. Mimi nilikuwa naelekeza. Kulia hapo. Nyoosha. Pipi akanishika mkono chini ya pochi yake, akaubana vile vile alivyokuwa akiubana zamani tukivuka barabara. Kitu kikaanza kunilegea kifuani.

Nikakikaza.

Kijana akapunguza mwendo. "Mbona hii ni njia ya kwa baba mkwe?"

"Kata kushoto, shemeji," nikasema.

Siku zote nilikuwa namwita kaka. Alikata kushoto, halafu akanitazama kwenye kioo na hakuondoa macho mpaka gari liliposimama mbele ya mlango wetu.

Mama Mapazia akageuka mzima mzima. "Mwanangu, umepotea? Hapa ndipo nilipokuchukua. Nilisema twende kwenu."

"Sijapotea, mama. Bosi atakueleza."

Wote wakamwangalia Pipi.

"Mama," akaanza. "Huyu ni dada."

"Najua ni dada. Kila siku namwita dada."

"Siyo hivyo." Machozi yalikuwa yanachora njia kwenye poda. "Ni dada yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Kijana akazima injini. Kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo yule aliyekuwa anakojoa kitandani..."

"Nyamaza wewe," mama yake akamwambia.

Akashuka, akaingia ndani bila kubisha hodi. Baba alikuwa mezani kwake, ile lenzi yake ya kutazamia saa iko jichoni.

"Mzee, siku ile nilimuuliza mtoto. Leo nakuuliza wewe. Hawa ni nani?"

Baba akavua lenzi. "Wanangu," akasema. "Wote wawili."

"Na siku ile mdomo ulikuwa umemwazimisha mtu?"

Baba akalia. Mtasema nina roho mbaya, lakini sikuona huruma. Niliona haki.

Kwa kweli nilitegemea Pipi arudishwe nyumbani siku ile ile, na nilikuwa nimejiandaa kumpisha mlangoni. Kumbe Mama Mapazia akanigeukia mimi.

"Na wewe. Umeniacha nimtume ndugu wa mkwe wangu. Umenifulia mpaka nguo za ndani, huku unajua."

"Uliniuliza kila kitu, mama. Nikakujibu kila kitu."

Nikamwona anayapitia majibu yangu kichwani moja moja.

"Una roho ngumu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kazi za ndani zimekwisha leo. Kesho uje dukani kama fundi, upite mlango wa mbele. Huyu simrudishi, mwanangu kampenda mwenyewe. Lakini atakaa kaunta. Na kila mteja atakayeingia, yeye ndiye atakayekutambulisha."

Nilidhani ni hasira za siku ile. Alimaanisha.

Mpaka leo mimi ni fundi mapazia. Mama Mapazia ananipenda, ila chai yangu siku hizi anaionja kidogo kwanza. Mteja akiingia, Pipi anainuka, ananyoosha mkono upande wangu. "Fundi wetu ni huyu. Ni dada yangu."

Nasimamisha cherehani. "Samahani, mashine ilikuwa inapiga kelele. Umesema ni nani?"

Anarudia.

Mnaopenda funzo, langu ni hili: ukiona haya kumtaja mtu aliyekulea, kwanza hakikisha kwamba hajui kungoja.