Namba Nne Iliyojiita Tatu

Kila Jumamosi jioni Muturi wa mtaa wa Tena, Nairobi, alijifungia chumbani akapaka nywele rangi nyeusi, na kila Jumapili akaenda kanisani kola ya shati ikiwa na madoa meusi. Mtaa mzima ulijua. Mkewe Teresiah alijua zaidi, maana ndiye aliyezisugua hizo kola. Lakini Muturi alitembea kifua mbele akidhani amewapiga chenga wote.

Rangi yenyewe ilikuwa ya kulinda kazi. Katika kiwanda cha sabuni alikokuwa karani wa stoo, mtu alistaafishwa akifika miaka hamsini na mitano. Faili ilisema Muturi ana hamsini na miwili. Alikuwa na sitini kamili. Siku alipoandikwa kazi alijipunguzia miaka minane bila kupepesa macho, na hakuna aliyemdai cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa watu wa umri wake hawakuwa nacho.

Kiburi kilimjia pamoja na kompyuta. Alifundishwa programu moja ya kuhesabu katoni, hiyo moja tu, na tangu siku hiyo akawaita makarani wenzake watu wa kalamu. Mtu akimuuliza jambo, alivuta pumzi kwanza, kana kwamba jibu lake lingempita muulizaji kimo.

Mwaka wa themanini na nane, meneja, Bwana Nalianya, akaleta kompyuta mpya. Muturi akatia disketi yake ya zamani kwa madaha. Mashine ikanguruma, ikaandika kwamba mfumo huu si ule programu inaoujua, ikanyamaza.

"Mzee, hii kitu imekataa," alisema Wacuka, msichana aliyepiga chapa mezani pa pili.

"Mzee ni baba yako," Muturi akamjibu.

Fundi aliyeleta mashine alieleza kwamba mfumo wake ni namba nne, na ile programu kongwe haikubali mwingine ila namba tatu. Dawa ni kununua programu mpya na kufundisha vijana. Neno hilo vijana lilimchoma Muturi kama mwiba.

"Nakupa mpaka Ijumaa," Nalianya akamwambia. "Ikikataa tunanunua mpya. Wewe nitaangalia faili yako, nione nitakupeleka wapi."

Faili! Usingizi ulimpaa. Alizunguka maduka ya mjini mpaka akampata fundi mmoja aliyempa disketi yenye kijiprogramu ambacho kazi yake yote ilikuwa uongo. Programu kongwe ikiuliza mfumo ni namba ngapi, chenyewe kinajibu tatu. Basi.

Ijumaa programu ikafunguka, katoni zote zikaonekana kiooni kama zamani. Hapo sasa ndipo Muturi alipokosa kuvumilika.

"Programu jinga hii!" alisema akicheka mpaka machozi. "Inadanganywa namba, inameza! Haiulizi hata mara ya pili! Mtu mwenye akili timamu angedanganywa hivi kweli?"

Nalianya naye alifurahi, akawapeleka wote Soko la Burma kula nyama. Walikuwa ndio wameanza kula, mchoma nyama alipotoka jikoni, mzee mwenye kichwa cheupe pepepe na mgongo uliopinda, kisu mkononi.

"Wakini!" akapaza sauti kwa Kikuyu, akimkumbatia Muturi. Kisha akawageukia wengine. "Huyu ni wa rika langu. Wanyoike naitwa mimi. Tulitahiriwa siku moja, mwaka wa njaa ya mihogo. Na alilia huyu! Alilia kama mtoto!"

"Sikulia!" Muturi aliruka. "Wewe ndiye uliyeshikwa mkono usikimbie kisu! Mimi nilisimama wima, uliza mtu yeyote kwetu!"

Ulimi ulikuwa umeshateleza. Nalianya aliacha kutafuna. Yeye ni Mbukusu, na Wabukusu nao huhesabu rika kwa mwaka wa kutahiriwa; humwelezi rika ni nini.

"Njaa hiyo ilikuwa mwaka gani, mzee?"

"Arobaini na tatu," alijibu Wanyoike. "Vita vya Wazungu vilikuwa havijaisha."

Nalianya alitazama zile nywele nyeusi kwa muda. "Muturi, kwa faili yangu, arobaini na tatu ulikuwa na miaka saba."

Wacuka aliinamia kipande cha ubavu asicheke. Nalianya hakuwa mtu mbaya, tena alikuwa ameridhika na kazi ya siku ile. Akamfungulia mlango wa kuponyokea.

"Labda mzee huyu amekufananisha. Pengine hukuwepo."

Muturi alihitaji neno moja tu. Mtu aliyedanganya kiwanda kizima, kanisa na kioo chake mwenyewe, angeshindwa na hilo? Lakini Wanyoike alikuwa amesimama pale akitabasamu, tayari kwenda kuwaambia wa rika lao wote kwamba Muturi ameikana siku yake, na anayeikana ni yule aliyelia.

"Nilikuwepo," alisema Muturi. "Na sikulia."

Mwisho wa mwezi akastaafishwa. Teresiah alishukuru Mungu kwa ajili ya kola. Kule stoo Wacuka ndiye aliyekaa kwenye kiti chake, na kila asubuhi mashine ilipoulizwa namba yake ilijibu tatu, na hakuna aliyeifukuza kazi.