Kanga Juu ya Unga

Mwezi uliopita, kwenye korido ya chuo cha Biblia pale Old Korogwe, harufu ya petroli na vumbi la chaki ilinipita, nami nikageuka nikidhani ni baba. Hakuwa baba. Lilikuwa koti lake la kahawia, lenye kiraka alichoshona mama kwenye kiwiko, na ndani ya koti alikuwa Mchungaji Yohana.

"Mzee alinipa alipostaafu," akaniambia, akilipapasa kifuani.

Nikatabasamu kama inavyotakiwa. Nina watoto wawili na mvi kadhaa, lakini siwafichi: niliona wivu uleule niliouona nikiwa na miaka tisa.

Baba yangu alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri mwenye kazi mbili. Jumatatu hadi Ijumaa alifundisha wanafunzi wa uchungaji Korogwe. Jumamosi alipanda pikipiki kwenda Handeni kuanzisha makanisa: kwanza Kang'ata, kisha Sindeni, ambako Wapresbiteri wote wangeenea kwenye mkeka mmoja. Sisi wa nyumbani tulibakiwa na Jumapili jioni, naye alirudi amechoka hata hawezi kula. Alivua koti, akalitundika mlangoni, nami nikasimama karibu nalo nikilinusa.

Kiti cha nyuma cha pikipiki kilikuwa cha Yohana. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtoto wa Kang'ata, mrefu, mwenye kicheko kilichofika barabarani. Baba alimwita "mwanangu." Mimi, kwa kuwa nina jina la bibi yangu, mama yake mzazi, aliniita "mama." Nilimwonea Yohana gere hata kwa neno hilo.

Ijumaa mchana wanafunzi walifanya mazoezi ya kuhubiri, nami nilitakiwa kukaa benchi la mbele. Huo ulikuwa utaratibu wa baba. Mwanafunzi alipomaliza, baba hakusema lolote kwanza. Alinigeukia.

"Umesikia nini, mama?"

Nikiweza kueleza kwa maneno yangu, mahubiri yamepita. Nikishindwa, mwanafunzi anayaandika upya, hata kama amejaza Kigiriki kila mstari. Walikuwa wakinitania getini, watu wazima wenye ndevu: "Shikamoo, Mkuu wa Chuo!" Nami naitikia marahaba bila kucheka. Lakini moyoni nilijiona kama mizani ya dukani, inayopima vitu vya watu halafu inaachwa palepale mezani.

Ijumaa moja ilikuwa zamu ya Yohana. Jumapili iliyofuata ingekuwa ibada ya kwanza Sindeni, na kama mahubiri yake yangepita, ni yeye ambaye angehubiri. Alisimama akaeleza habari ya mwanamke aliyeweka chachu kwenye unga. Akasimulia jinsi mama yake alivyokanda unga wa maandazi, akaufunika kwa kanga, akawakataza watoto kufunua. "Sisi tulidhani hakuna kinachotokea," alisema, "kwa sababu hatukuona. Lakini kanga ilikuwa inapanda." Alionyesha kwa kiganja, polepole. Niliiona ile kanga. Niliona mpaka maua yake.

"Umesikia nini, mama?"

Nikakitazama kiganja cha Yohana, ambacho kesho yake kingeshika kiuno cha baba njia nzima hadi Handeni.

"Sijasikia kitu," nikasema.

Baba hakubishana nami. Alichukua penseli, akakunja karatasi za Yohana, akamrudishia. "Andika upya, mwanangu. Jumapili nitahubiri mimi."

Kwa kuwa Yohana hakuwa anahubiri tena, kiti kilikuwa wazi; nilikiomba, nikapewa. Sitasahau safari ile. Vumbi lilijaa masikioni, na uso wangu ulikuwa umezama kwenye koti nililolitamani muda wote, nami sikufurahi hata kidogo. Tulipofika Sindeni tulimkuta Yohana ametangulia kwa lori la mahindi. Alikuwa anatandika mikeka. Aliniletea maji kwenye kopo ninawe uso.

"Mdogo wangu," akaniuliza, akichuchumaa, "niambie ukweli. Nilikupoteza wapi?"

Nilinawa mara mbili ili nisimtazame.

Ijumaa iliyofuata alihubiri tena. Safari hii aliondoa mama yake, maandazi na kanga, akaweka maelezo marefu ya ufalme na nyakati. Nadhani alijua ni mabaya, sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo. Nami nilikuwa nimeapa kumpitisha.

"Umesikia nini, mama?"

Nikasimama nikaeleza bila kusita: mama alikanda unga, akaufunika kwa kanga, watoto wakadhani hakuna kinachotokea, lakini kanga ilikuwa inapanda. Nilionyesha hata kwa kiganja.

Baba akavua miwani. "Leo hakutaja kanga."

Nikakishusha kiganja.

"Kwa hiyo wiki iliyopita ulisikia," akaendelea.

"Nilisikia yote, baba."

Yohana akaangua kicheko chake kilekile. "Basi, Mkuu wa Chuo, nirudishie kanga yangu!" Wote wakacheka isipokuwa baba. Jioni alinipeleka bwenini nikamwomba Yohana radhi nikiwa nimesimama wima, na njiani kurudi aliniambia jambo moja tu: "Umeninyima mahubiri mazuri, mama." Yohana alihubiri Sindeni wiki mbili baadaye, pamoja na kanga, lakini ibada ya kwanza ilikuwa imeshapita, na hiyo haiji mara mbili.

Ijumaa ya kwanza baada ya kuomba radhi nilikaa benchi la nyuma. Baba alinitafuta kwa macho, akanionyesha benchi la mbele, na mwanafunzi alipomaliza akaniuliza swali lilelile, kwa sauti ileile. Nilidhani amesahau. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mtu aliyebishana na maprofesa na wazee wa kanisa hakuwahi kubishana na neno langu, hata baada ya kujua naweza kudanganya.

Siku ile ya mwezi uliopita, nilipoliona koti, ilikuwa Ijumaa. Nilimfuata Yohana hadi darasani anakofundisha sasa, nikakaa nyuma. Mwanafunzi alihubiri. Benchi la mbele alikaa binti mdogo wa Yohana, miguu haifiki chini. Yohana, ndani ya koti la baba, akamwinamia.

"Umesikia nini, mama?"

Mtoto akafikiri. Mimi nilikuwa na jibu tayari, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuinuka.

Nikaurudisha mapajani.