Mara ya Tatu Mlangoni

Leo nimepiga pasi shati langu la shule, na harufu ya kitambaa kibichi kikiguswa na moto imenirudishia yule bibi Muyahudi ambaye Mama alikuwa akimfulia nguo.

Alimwita Mama mwizi mbele ya mlinzi, kwa sababu ya kitambaa cha meza kilichopotea. Baadaye akakikuta kabatini mwake. Mama hakurudi kazini.

Siku yao kubwa ya kufunga ilipokaribia, alikuja kwetu, mtaa wa Annexe, kuomba msamaha. Mama akakataa, akaendelea kupiga pasi. Kesho yake, vilevile. Siku ya tatu alifika miguu imevimba.

"Mama, nakuomba pardon. Mungu hawezi kunisamehea kosa nilikufanyia weye, kama weye unakatala."

"Na nikikatala tena?"

"Hii njo mara ya tatu. Kwa dini yetu, mimi nitakuwa nimemaliza. Kosa itabakia kwako."

Mama aliweka pasi chini, akacheka bila nguvu. "Ah, madame! Hata kukatala mumeiwekea mwisho?"

Kisha akasema, "Nimekusamehe, na moyo yote. Lakini nguo zako, tafuta mwingine."

Bibi alishukuru, akabaki amesimama. Mama akamsogezea kiti, wakakaa pale, wote wawili wamechoka.