Mama Mkwe Nyuma ya Nyumba

Mume wangu Venant hasemi uongo, na kwa sababu hiyo karibu tukose nyumba. Habari hii naiandika mwenyewe, herufi moja moja, maana mtoto wetu akiiandika ataitengeneza ipendeze.

Venant alikimbia mauaji ya Burundi mwaka wa sabini na mbili, kijana wa miaka kumi na minane. Mama yake alikuwa na mguu mbovu. Akamwambia mwanawe atangulie, yeye atafuata polepole. Venant akatangulia. Mpaka leo hakuna ajuaye mama huyo aliishia wapi. Kaburi hakuna, wala mtu wa kusema alimwona mahali fulani. Mimi nilimkuta Venant kambini Tanzania, akifundisha katekisimu. Mvua ikinyesha anasimama mlangoni, anaangalia barabara. Nikadhani ni mvivu. Nikaolewa naye hivyo hivyo.

Sydney tulifika tumeshaanza kuzeeka. Akapata kazi kwenye ghala moja hapa Seven Hills, kupanga maboksi ya vigae, miaka kumi na moja bila kuchelewa hata siku moja. Alipostaafu, mama yake akaanza kumjia ndotoni. Anasimama uani kwetu penye kamba ya nguo, amelowa chapachapa, anauliza atalala wapi.

Zamani kwetu, wafu wa nyumbani walijengewa kibanda kidogo cha nyasi nyuma ya nyumba, kinaitwa indaro. Mapadri walikikataza, na Venant mwenyewe alishafundisha watu wakibomoe. Basi asubuhi moja namkuta uani, ana mbao za ghalani na mzigo wa nyasi. Kibanda chenyewe kilinifika kiunoni. Ndani akaweka kigoda na kikombe cha maziwa. Nilimcheka. Nikamuuliza, "Baba Ildephonse, mwalimu wa dini, hicho ni nini?" Akajibu kwamba ni kwa ajili ya mvua. Ndoto zikakoma. Nikamwachia kibanda chake, ila maziwa sikuwahi kuyamimina mimi.

Mwaka jana Ildephonse, mtoto wetu mwenye nyumba, anayeendesha lori la makontena bandarini Port Botany, akasema wajukuu wamekua, chumba chetu wanakihitaji. Angetujengea nyumba ndogo nyuma, hizi wanazoita granifleti. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Tangu nizaliwe sijawa na jiko lenye mlango wangu mwenyewe. Kambini nilipika nje, hapa napika kwenye jiko la mke wa mtoto.

Akaja mkaguzi wa vibali, akakaa mezani na makaratasi yake. Sheria nilizishika vizuri, kwa sababu jiko lilikuwa langu. Kiwanja kifike mita za mraba mia nne na hamsini. Chetu kilizidi kidogo. Nyumba ya nyuma isizidi sitini. Isikae juu ya bomba la maji machafu, na letu linapita chini ya kamba ya nguo. Isisogelee uzio wa nyuma, ziachwe mita tatu. Pakabaki mahali pamoja tu pa kujenga, pale penye indaro. Tena kiwanja kimoja, nyumba ya nyuma moja. Kwa hiyo akauliza, Ildephonse akitafsiri, kama kuna mtu anayeishi kwenye kile kibanda alichokiona kwa mbali, nyuma ya majani.

"Ndiyo," Venant akasema. "Mama yangu."

Ildephonse hakutafsiri, lakini neno mama hata mzungu analijua, na kichwa cha Venant kilikuwa kimeshaitikia. Yule bwana akaandika. Akasema atarudi wiki ijayo kukagua. Akimkuta mtu, huyo mama ahame na kibanda kibomolewe, la sivyo hatasaini.

Alipoondoka, Ildephonse akamwomba baba yake aseme tu ni banda la kuku. Venant hakupandisha sauti.

"Nilimwacha barabarani mara moja. Simtoi nje mara ya pili."

Nilikasirika. Jumapili nikasema naumwa, wakaenda misani, nikachukua koleo. Nilitaka akirudi akute pameshasawazishwa, tugombane, yaishe. Nikainama nitoe kigoda kwanza. Mvua haikuwa imenyesha wiki mbili, majani yote yamekauka. Kigoda kilikuwa kimelowa. Hakikuwa kimemwagikiwa, hapana. Kilikuwa kimelowa pale pa kukalia tu, kama mwenye nguo mbichi amenyanyuka sasa hivi kunipisha. Kikombe kilikuwa kimejaa.

Nikakirudisha kigoda. Nikasema, "Samahani, mama mkwe." Koleo nikalirudisha stoo, na hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Mkaguzi aliporudi alipiga magoti, akachungulia, akauliza mama yuko wapi. Nikamjibu kabla ya Venant. Nikasema ameachwa njiani tangu sabini na mbili, na hapa ndipo anapojikinga. Ildephonse akatafsiri akitazama chini. Yule bwana hakucheka. Alisimama akafuta magoti, akasema kwamba kwenye makaratasi hiyo si nyumba, ni kibanda cha bustani, na kibanda kidogo hivyo kinaweza kukaa kwenye zile mita tatu za nyuma ambako nyumba haikubaliwi. Mradi kihamishwe.

Venant akachuchumaa, akaongea Kirundi polepole. Akamwambia ni hatua chache tu. Akamwambia, "Safari hii tangulia wewe, mama. Mimi nitafuata."

Tukakibeba, mimi na Ildephonse mbele, Venant nyuma. Kibanda cha nyasi, lakini kilikuwa kizito, na mtoto wetu aliinama akachungulia ndani.

Nyumba ilipokwisha kujengwa, mkaguzi akaja mara ya mwisho. Akapima, akafungua mabomba, akafungua na kufunga mlango wa jiko langu. Akauliza tutakaa wangapi. Venant akanitazama mimi.

"Watatu," nikasema.

Ildephonse akamwambia wawili. Sikumsahihisha. Mvua ilikuwa imeanza uani, na mimi nilikuwa natafuta kikombe cha kumiminia maziwa.