Mkojo kunitoka ovyo baada ya operesheni ya tezi dume: mazoezi yalivyonirudisha kwa watu

Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili nimelikalia kimya muda mrefu. Leo naliweka kama lilivyotokea, bila chumvi.

Mimi ni mstaafu, mzaliwa wa Same, naishi Visiga. Niligundulika na kansa ya tezi dume, tezi ikatolewa yote. Operesheni yenyewe ilienda vizuri.

Shida ilianza walipotoa mpira wa mkojo.

Nikikohoa, unatoka. Nikiinuka kwenye kiti, unatoka. Nikinyanyua ndoo, ndiyo kabisa.

Nikaanza kuvaa pedi za watu wazima. Kanisani nikaacha kwenda. Maji nikawa nanywa kidogo sana nikidhani ndiyo dawa. (Kosa hilo. Mkojo ukawa mkali na kibofu kikazidi kusumbua.)

Sasa, mdogo wangu alishafariki, na mwanaye alikuwa anataka kuoa Kisarawe. Baba yake ni mimi. Nikamwambia atafute mtu mwingine wa kupeleka posa.

Kijana akasema, "Baba mkubwa, kama nimekukosea niambie."

Iliniuma sana. Mke wangu alikuwa anasikia. Kijana alipoondoka tu, akaniuliza, "Utajificha humu ndani mpaka lini? Kesho tunarudi hospitali."

Daktari akanielekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Binti mdogo, sawa na mwanangu wa mwisho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Nikaangalia sakafu.

Yeye wala hakujali. "Baba, jifanye umebanwa na ushuzi na mbele yako kuna wageni. Bana hapo hapo. Makalio yalegee, na pumzi usizuie."

Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nikabana.

Nilianza nikiwa nimelala, baadaye nimekaa, mwisho nimesimama. Unabana, unaachia taratibu, unapumzika, unarudia. Kubwa zaidi ni kubana KABLA ya kukohoa au kuinuka. Akanikataza kuligeuza zoezi kuwa mchezo wa kukatisha mkojo chooni. Chai nikapunguza, maji nikarudia.

Wiki za mwanzo sikuona kitu, nikataka kuacha. Mke wangu hakuniachia. Tuko sokoni Mlandizi, ananong'ona, "Umebana?" Muuza nyanya anabaki kutushangaa.

Taratibu pedi zikaanza kukaa kavu. Nikampigia kijana: "Posa napeleka mwenyewe."

Kisarawe niliongea nimesimama. Katikati ikaja chafya ya ghafla, matone yakatoka, pedi ikayapokea. Nikaendelea kuongea. Hakuna aliyejua.

Baada ya chakula, mjomba wa binti tuliyemposa akanifuata uani. "Mkwe, umeulizia choo hata kabla hujakaa. Kuna nini?"

Nikamweleza yote. Akanisogelea. "Na mimi nilifanyiwa operesheni hiyo. Mke wangu nimemwambia huku kuvuja ni kisukari."

Nikamfundisha pale pale. Wazee wawili nyuma ya nyumba, serious kabisa, tunabana.

Nilichojifunza: ulizia mazoezi haya mapema, ikiwezekana kabla ya operesheni. Mimi nikichoka bado navuja kidogo, sitawadanganya. Na miili haifanani, anza na daktari wako.

Aliyepitia haya, au mwenye mzee aliyejifungia ndani, afunguke hapa. Mwenye aibu aje PM.

Utani ruksa, ila msinichekeshe sana. Bado niko mazoezini.